Kutengeneza Meza na Kifuniko cha Tangi Kubwa la Samaki

Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka watoto wake wayajue maisha ya samaki hana haja ya kumchora samaki ubaoni iwapo anaweza kumleta darasani akiwa hai. Perege wadogo waliovuliwa bwawani, wakiwekwa katika tangi la kioo lenye maji safi, humfundisha mtoto mambo ambayo picha haiwezi kuyafundisha: jinsi matamvua yanavyofunguka na kufunga bila kupumzika, jinsi mapezi yanavyopepea hata samaki anapoonekana ametulia, na, mwalimu akibahatika kupata jike aliyekomaa, jinsi mama anavyoyatunza mayai na vifaranga vyake ndani ya kinywa.

Hata hivyo, makala haya hayahusu samaki. Yanahusu vitu viwili ambavyo aghalabu huachwa vifikiriwe mwishoni, wakati tangi limekwisha kununuliwa na watoto wana hamu, navyo ni meza inayolibeba tangi hilo na kifuniko kinachokaa juu yake. Tunakusudia kueleza jinsi wanachuo wanavyoweza kuvitengeneza kwa ajili ya darasa au kwa ajili ya sebule ya nyumbani, na kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kuwa somo la hisabati na la sayansi kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Somo hili tulijifunza kwa hasara. Miaka michache iliyopita, katika chuo tulichokuwa tukifundisha wakati huo, tulitengeneza pamoja na wanachuo wa mwaka wa kwanza meza ya tangi lenye urefu wa sentimeta 120. Ilikuwa meza nzuri kwa macho. Mbao zilirandwa vema, vanishi iling'aa, na kila aliyepita aliisukuma kidogo kwa kiganja akasema kwamba ni imara. Boriti mbili za juu tulizilaza bapa, na ncha zake tukazipigilia misumari ubavuni mwa miguu minne. Tangi lilikaa juu ya meza hiyo kwa muhula mmoja na wiki kadhaa. Usiku mmoja wa masika kioo cha chini kilipasuka. Asubuhi tuliyakuta maji yametapakaa sakafuni, madaftari ya darasa la tatu la shule ya mazoezi yamelowa, na perege tisa wamekufa. Tulipoipima meza tuliona kwamba boriti zilikuwa zimebonyea katikati kwa milimeta 6, na misumari miwili ilikuwa imeanza kuinama. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa mambo hayo yalitokea usiku. Ingalikuwa saa nne asubuhi, watoto arobaini wangalikuwa wameketi mbele ya kioo kile.

Mtoto mmoja, alipotuona tukikausha maji, aliuliza, "Mwalimu, maji yalikuwa yanabebwa na nani?" Tulimjibu kwamba yalibebwa na meza. Akauliza tena, "Meza yote?" Swali hilo la pili lilitushinda. Tangu siku hiyo tumelifanya kuwa mlango wa somo zima.

Hesabu kabla ya msumeno

Kosa la kwanza la mtu asiye fundi ni kulitazama tangi likiwa tupu dukani na kulikadiria uzito wake kwa macho. Kioo ni cheupe na maji ni meupe. Jicho halioni mzigo. Basi mwalimu asianze kwa kugawa misumeno. Aanze na ndoo ya lita 20, ambayo kila mtoto anaijua kwa kichwa chake mwenyewe, ikiwa amewahi kuchota maji. Mtoto mmoja aiinue ndoo iliyojaa, awaeleze wenzake aliyoyahisi mkononi, kisha darasa liulizwe: ndoo ngapi kama hii zitaingia katika tangi letu?

Tuchukue tangi la urefu wa sentimeta 120, upana sentimeta 45 na kimo sentimeta 50, ambalo maji yake yatafika kimo cha sentimeta 45. Ujazo wa maji ni 120 × 45 × 45, yaani sentimeta za ujazo 243,000, ambazo ni lita 243. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo maji peke yake ni kilo 243, yaani ndoo 12 zilizojaa na zaidi kidogo. Watoto wanapolipata jibu hilo huwa wanatazamana. Mwalimu asiharakishe hapo, awaache watazamane.

Yupo kila mwaka mwanafunzi mmoja atakayesema kwamba hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa tumepima nje ya kioo, hali maji yako ndani. Mtoto huyo asinyamazishwe, kwa maana anasema kweli. Ikiwa kioo kina unene wa sentimeta 1, vipimo vya ndani ni sentimeta 118 kwa 43, na ujazo unakuwa kama lita 228. Tofauti ni lita 15. Darasa lijadili ni hesabu ipi imfae fundi wa meza. Jibu tunalolipendelea ni kwamba anayetengeneza kitu cha kubeba mzigo akosee kwa upande wa kuzidisha, na anayehesabu dawa ya samaki atumie kipimo cha ndani kilicho sahihi. Hivyo vipimo viwili tofauti vinaweza vyote kuwa vyema, kila kimoja kwa kazi yake.

Baada ya maji kuna kioo. Jumla ya eneo la vioo vitano vya tangi hili ni sentimeta za mraba 21,900; kwa unene wa sentimeta 1, na kwa kuwa kila sentimeta ya ujazo ya kioo ina uzito wa kama gramu 2.5, kioo chote ni kilo 55 hivi. Changarawe ya kina cha sentimeta 5 ina uzito wa kama kilo 40, lakini punje zake huchukua nafasi ya lita 15 hivi za maji, kwa hiyo nyongeza yake halisi ni kilo 25. Tukiongeza mawe machache na kifuniko tunakaribia kilo 340. Kwa kuwa mfuko wa saruji ni kilo 50, tunawaambia wanachuo wafikiri kuhusu mifuko saba ya saruji iliyopangwa juu ya meza, ikikaa hapo usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Mzigo wa kupita na mzigo wa kukaa si kitu kimoja. Ubao unaomvumilia mtu mzima aliyesimama juu yake kwa dakika moja waweza kubonyea polepole chini ya mzigo mdogo zaidi usioondoka, na hasa ukiwa na unyevu.

Kadhalika maji huvisukuma vioo vya ubavuni. Katika tangi hili kioo cha mbele husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kama kilo 120. Msukumo huo haubebwi na meza bali na kioo chenyewe na gundi ya silikoni iliyoko pembeni, kwa hiyo hatutaushughulikia zaidi ya kusema kwamba tangi lisiegemezwe wala lisibanwe na kitu chochote.

Nani ambeba nani

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwalimu achore meza ubaoni, kisha aulize swali la yule mtoto: maji yanabebwa na nani? Na kioo cha chini. Kioo je? Na ubao wa juu wa meza. Ubao je? Na boriti. Boriti je? Na miguu. Miguu je? Na sakafu. Katika mlolongo huo, jibu lisiwe hata mara moja "na msumari". Ubao ukae juu ya ubao, na uzito ushuke moja kwa moja mpaka chini. Misumari, skrubu na gundi kazi yake ni kuzuia mbao zisitoke mahali pake, si kubeba. Katika meza yetu iliyoharibika jibu la swali la nne lilikuwa msumari. Miguu ilisimama kando ya boriti badala ya kusimama chini yake, na uzito wote ulining'inia kwenye misumari minane.

Mara tu wanafunzi wanapolielewa jambo hili, waende wakakague viti na madawati ya darasa lao kwa swali hilohilo. Zoezi hili huwafurahisha mno, na mara nyingi huwafunulia mambo ambayo mwalimu mkuu angependa yasifunuliwe.

Jambo la pili ni jinsi boriti inavyolala. Chukueni rula ya mbao, iwekeni juu ya matofali mawili ikiwa bapa, ning'inizeni mfuko mdogo wa mchanga katikati. Itabonyea. Igeuzeni isimame kwa ukingo wake. Haibonyei kwa kiasi cha kuonekana. Ubao ni uleule na uzito ni uleule. Boriti ya inchi 2 kwa 4 ikisimamishwa kwa upande wake mwembamba huwa ngumu kupinda mara nne zaidi kuliko ikilazwa. Kisha rula ilazwe tena bapa, na matofali yasogezwe mpaka umbali kati yake uwe nusu ya ule wa kwanza. Mbonyeo hauwi nusu, kama wengi wanavyotazamia, bali huwa kama sehemu moja ya nane. Hii ndiyo sababu meza yetu ya pili ina miguu sita, miwili ikiwa katikati, ingawa mafundi wengi wa mtaani watakuambia kwamba minne inatosha.

Mbao za kutumia

Mninga na mkongo ni mbao bora, lakini bei yake ni kubwa kuliko mfuko wa mwalimu. Msaji, ambao hupandwa katika mashamba ya miti ya Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, hustahimili maji na mchwa. Msonobari wa Sao Hill, Mufindi, ndio unaopatikana kwa urahisi katika maduka mengi, nao unafaa kabisa kwa meza hii, ila mchwa huupenda na maji huulainisha. Mbao za msonobari zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa zatumika bila wasiwasi kwa miguu na boriti. Zisitumike kwa kifuniko. Mvuke wa maji hugeuka matone chini ya kifuniko, na matone hayo yakirudi tangini na dawa, samaki watapata madhara. Kwa sababu iyo hiyo mwalimu akatae kabisa desturi ya kupaka miguu ya meza oili chafu ya gari. Mkono ulioshika meza ndio utakaoingia majini.

Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi hupendeza zikiwa mpya na ni nyepesi kwa bei. Maji yakizifikia huvimba kama mkate, wala hazirudi tena. Tangi la samaki ni kitu kinachomwagika kila wiki, hata mikononi mwa mtu mwangalifu. Tumieni plaiwudi.

Mbao zichaguliwe zilizonyooka na kukauka. Ufikichie jicho moja, utazame ubao kutoka ncha moja hadi ya pili kama mtu alengaye shabaha. Uliopinda utauona mara moja.

Vipimo na ukataji

Kimo cha meza kitegemee macho ya mtazamaji. Kwa mtoto wa darasa la tatu aliyesimama, au mtu mzima aliyeketi sebuleni, kimo cha sentimeta 70 ni kizuri, maana katikati ya tangi patakuwa sentimeta 95 kutoka sakafuni na uso wa maji kama sentimeta 115.

Miguu sita ni ya mbao za inchi 3 kwa 3. Ubao wa juu ni plaiwudi ya milimeta 18, kwa hiyo urefu wa kila mguu ni 70 kutoa 1.8, yaani sentimeta 68.2. Mbao huuzwa kwa futi 12, ambazo ni sentimeta 366 hivi. Watoto watafute: ubao mmoja utatoa miguu mingapi? Mitano, na kipande kidogo kitabaki. Je, ikiwa kila mkato wa msumeno hula milimeta 3? Bado mitano. Basi mbao mbili zitahitajika kwa ajili ya mguu mmoja uliosalia, na darasa lipendekeze matumizi ya kipande kitakachobaki. Maswali kama haya yana faida kuliko kurasa nyingi za vitabu, kwa kuwa akikosea mtu, kosa lake litaonekana na kila mmoja, na tena limegharimu fedha.

Boriti mbili ndefu ni za inchi 2 kwa 4, kila moja sentimeta 120, na mbao tatu fupi za kukingama kati yake ni za ukubwa uleule. Kwa kuwa meza ina upana wa sentimeta 45, na kila boriti ina unene wa sentimeta 5, mbao za kukingama zina urefu wa sentimeta 35. Jumla ni sentimeta 345, na zote zapatikana katika ubao mmoja wa futi 12. Lakini angalieni sana hapa. Ubao uitwao wa "2 kwa 4" ukishapigwa randa haufiki vipimo vya jina lake. Mara nyingi unene wake ni sentimeta 4.5. Mwanachuo aliyekata kwa kufuata jina, badala ya kuupima ubao wenyewe, atajikuta na mbao fupi kwa sentimeta nzima. Twasema hivi kwa uzoefu.

Sasa kila mguu ukatwe bega. Juu ya mguu, upande wa mbele, ondoeni kipande cha kina cha sentimeta 5 na kimo cha sentimeta 10, au vipimo halisi vya boriti yenu. Kitabaki kiulimi cha sentimeta 2.5 kilichosimama nyuma. Boriti itakaa juu ya bega hilo, ikisimama kwa ukingo wake, na ulimi utaishika kwa nyuma kwa skrubu mbili na gundi. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika meza nzima. Bega likikatwa mshazari, boriti itagusa mahali pamoja tu na uzito wote utakusanyika hapo. Tumieni skwea, mchore mistari pande zote nne za mguu, mkate kwa msumeno wenye meno madogo, mmalizie kwa patasi. Kila mwanachuo afanye kwanza bega moja katika kipande cha taka. Hatujapata kumwona aliyefaulu mara ya kwanza, nasi hatukufaulu.

Mbao za kukingama zikae kando ya ndimi za miguu, mbili kuelekea mwisho na moja katikati. Chini, sentimeta 10 kutoka sakafuni, miguu iunganishwe kwa mbao za inchi 2 kwa 3 pande zote nne ili isitanuke.

Umbo hili bado lina udhaifu mmoja. Likisukumwa kutoka ubavuni laweza kuyumba, kwa kuwa mstatili hulegea. Mtoto ataliona hilo akifunga vijiti vinne kwa pini pembeni: mraba wake utageuka upande kwa kusukumwa na kidole kimoja. Akiongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe, hautageuka tena, kwa maana sasa ana pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo bila kuvunjika. Katika meza yetu, plaiwudi ya milimeta 9 iliyofungwa kwa skrubu mgongoni mwa meza yote na katika bavu mbili inafanya kazi ya kijiti cha tano. Upande wa mbele hubaki wazi, au huwekewa milango yenye bawaba kwa anayetaka kuficha ndoo na vyavu.

Ncha za chini za miguu zilowekwe vanishi mara tatu kabla ya kusimamishwa, kwa kuwa hapo ndipo ubao unywapo maji kama utambi. Meza yote ipakwe, iachwe ikauke mahali penye hewa mpaka harufu iishe kabisa.

Majaribio

Meza isipewe tangi siku inapokamilika. Isimamishwe mahali pake, mbali na dirisha lipigwalo na jua, kwa kuwa jua huotesha mwani na kuyapasha maji joto. Ikiwa sakafu ni ya udongo, kila mguu ukalishwe juu ya tofali la saruji lililozikwa nusu, ama sivyo mguu mmoja utazama siku maji yatakapomwagika. Nyumbani, penye sakafu ya mbao ghorofani, meza ikae kando ya ukuta na ikingame juu ya boriti kadhaa za sakafu badala ya kulala sambamba na moja.

Kisha usawa. Pimamaji fupi ya seremala hudanganya katika urefu wa sentimeta 120. Twapendelea mpira mwembamba unaopenya nuru, ule wautumiao waashi, uliojazwa maji bila mapovu. Ncha moja ishikwe pembe hii ya meza na nyingine pembe ile. Maji yatasimama kimo kimoja katika ncha zote mbili, na meza iliyoinama itajulikana. Watoto huuliza kwa nini maji yakubaliane hivyo ingawa mpira umejipindapinda chini, na hilo ni somo zuri la siku nyingine. Pembe iliyo chini iinuliwe kwa kabari ngumu chini ya mguu. Kabari isiwekwe kamwe chini ya tangi, kwa kuwa kioo kilichobebwa pembeni na kuachwa kitupu katikati ndicho kipasukacho.

Baada ya hapo ujaribiwe mzigo. Fungeni uzi kutoka ncha hadi ncha chini ya boriti ya mbele, ukiwa umekazwa sana, mpime nafasi iliyoko kati ya uzi na boriti katikati ya kila nusu. Pangeni juu ya meza mifuko saba ya saruji, au mifuko ya mchanga iliyopimwa kwa mizani. Mwiache kwa siku mbili, mpime tena. Sisi hatukubali tofauti ya zaidi ya milimeta 1. Isidhaniwe kwamba kupanda vijana sita juu ya meza na kurukaruka ni jaribio. Huo ni mchezo, na tena una hatari.

Meza ikifaulu, juu ya plaiwudi litandikwe bamba jeupe jepesi la povu lenye unene wa sentimeta 1, kama lile linalofungiwa redio na televisheni mpya. Punje moja ya mchanga iliyobanwa kati ya ubao na kioo yatosha kukipasua. Bamba hilo huimeza. Tangi linyanyuliwe na watu wazima wanne, likiwa tupu. Watoto wasimame mbali. Lijazwe nusu, liachwe usiku mmoja, uzi upimwe, ndipo limaliziwe.

Kifuniko

Kama meza kosa lake ni kuwa dhaifu, kifuniko kosa lake ni kuwa kizito. Kifuniko kinachohitaji watu wawili hakitafunguliwa kila siku, na samaki hawatalishwa vema. Tunatumia plaiwudi ya milimeta 12. Nafasi ya ndani izidi tangi kwa milimeta 3 kila upande, yaani iwe sentimeta 120.6 kwa 45.6, tukiongeza unene wa plaiwudi pande zote mbili, vipimo vya nje vinakuwa sentimeta 123 kwa 48. Kimo kiwe sentimeta 25. Uzito wake wote ni kama kilo 10, pamoja na kwamba kinaonekana kikubwa.

Ndani, sentimeta 3 kutoka ukingo wa chini, gundisheni vipande vyembamba vya ubao kuzunguka pande zote. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokaa juu ya ukingo wa kioo, na sentimeta 3 zilizobaki zitashuka nje ya kioo. Ile nafasi ya milimeta 3 isionewe uchoyo. Ubao hutanuka wakati wa mvua, na kifuniko kilichobana kitakwama au kitakiumiza kioo.

Sehemu ya juu igawanywe. Theluthi ya nyuma ifungwe kabisa na kubeba taa. Theluthi mbili za mbele ziwe mlango wenye bawaba zisizoshika kutu. Mgongoni pakatwe upenyo wa sentimeta 60 kwa 8 kwa ajili ya hewa na nyaya, nao uzibwe kwa wavu wa dirisha, la sivyo mijusi watahamia humo kwa kufuata wadudu wanaovutwa na taa. Ndani pakeni rangi nyeupe, ambayo huirudisha nuru chini, na juu yake vanishi mara tatu.

Mwanachuo aweza kuuliza kama kifuniko ni cha lazima. Perege huruka, na samaki aliyeruka usiku hupatikana asubuhi mkavu. Vumbi la chaki halifai majini. Katika nyanda za baridi kama Njombe, mwezi wa Juni na Julai, kifuniko huyazuia maji yasipoteze joto upesi. Zaidi ya hayo, watoto wana mikono.

Umeme

Ikiwa shule ina umeme, tahadhari mbili zinahusu moja kwa moja meza na kifuniko. Kila waya unaotoka tangini ushuke chini kuliko soketi, kisha upande kuifikia, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia katika soketi. Soketi ikae ubavuni mwa meza au ukutani, isiwe chini ya tangi. Tahadhari ya pili ni pampu ya hewa. Wengi huiweka ndani ya kabati la meza, kwa kuwa hapo haionekani. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kupitia mrija wa hewa mpaka kwenye pampu iliyo chini na kumwagika usiku kucha. Fundi aiwekee rafu ndogo ukutani, juu ya usawa wa maji, tangu meza inapochorwa.

Perege wakikua na kuzidi tangi warudishwe katika bwawa walilotoka, wala wasimwagwe katika mto au ziwa lolote lililo karibu.

Zoezi

Tangi la nyumbani lina urefu wa sentimeta 90, upana 40 na kimo 45, na maji yake yatafika sentimeta 40. Tafuta uzito wa maji kwa vipimo vya nje, ueleze ni sawa na ndoo ngapi za lita 20. Chora meza yake yenye kimo cha sentimeta 75, ukionyesha kwa mishale njia ya uzito kutoka majini hadi sakafuni. Kisha kagua dawati moja la darasa unalofanyia mazoezi ya kufundisha, uandike mahali ambapo jibu la swali "nani ambeba nani" ni msumari, na ueleze jinsi wewe na wanafunzi wako mtakavyolitengeneza.